Faili la mfuatano lina kazi gani tena siku hizi? Ripoti ya mzani inanila dakika 25

karani_wa_uru
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Niko field huku Moshi, chama kimoja cha msingi cha kahawa upande wa Uru, jina sitaji maana katibu naye yumo humu mitandaoni. Kazi niliyopewa ni kuhamishia kumbukumbu za mzani kwenye kompyuta, mpaka msimu uliopita walikuwa na madaftari tu, yale makubwa ya jalada jeusi.

Nilichofanya, nina mafaili mawili ya teksti. La kwanza la wanachama, watu 1,850, limepangwa kwa namba ya uanachama kuanzia 1. La pili la mzani, mkulima akileta kahawa naandika mstari mmoja: tarehe, namba ya mwanachama, kilo, daraja. Hili la pili linaongezeka tu kwa chini, leo lina mistari kama 46,000. Programu nimeandika kwa Python.

Shida ya kwanza, ripoti ya mwisho wa mwezi (kila mwanachama kaleta kilo ngapi) inachukua dakika 25 kwenye laptopu ya ofisi, feni inalia kama mashine ya kusaga. Shida ya pili, juzi nilikuwa nabadilisha namba za simu za wanachama, programu iko katikati inaandika upya faili, umeme ukakatika na betri ya laptopu ilishakufa zamani. Faili likabaki na watu 700 na ushee. Usiku ule wote nilikuwa naingiza upya kutoka kwenye daftari.

Ticha chuoni alisema faili la mfuatano ni la kizamani, ukitaka rekodi moja lazima usome zote zilizo mbele yake, basi, akaenda mada nyingine. Je nitupe kila kitu nihamie databesi? Na kama faili la mfuatano ni bovu hivyo mbona bado liko kwenye mtihani?

chalii_kijenge
Chalii wangu hamia SQLite leo leo, ni bure, databesi nzima ni faili moja, na Python inakuja nayo tayari huhitaji kuinstoli chochote. Unaweka indeksi (orodha inayoonyesha rekodi iko wapi) kwenye namba ya mwanachama unalala usingizi.

Faili la mfuatano ni kama hiace ya Moshi Arusha, wewe unashuka Usa River lakini lazima upite Boma, upite KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, kila kituo konda anagonga bodi. Indeksi ni bodaboda, inakupeleka mlangoni.

mama_indeksi
Chalii umesema kweli ila umeruka swali. Dogo, kabla hatujahama nyumba tutafute kwanza bomba linavuja wapi. Mistari 46,000 ukisema kila mmoja una herufi kama 60, faili zima halifiki hata MB 3. Hiyo hata laptopu ya kizee inaisoma yote chini ya sekunde moja, sasa dakika 25 zinatoka wapi? Tuelezee lupu yako inavyokwenda.

karani_wa_uru
Dada iko hivi. Nachukua mwanachama namba 1, nafungua faili la mzani nasoma toka juu mpaka chini, nikikuta mstari una namba yake naangalia tarehe kama ni ya mwezi huu najumlisha kilo, nafunga faili. Naenda mwanachama namba 2, nafungua tena nasoma toka juu... hivyo hivyo mpaka 1,850.

mama_indeksi
Eeh. Piga hesabu mwenyewe, 1,850 mara 46,000 ni mistari 85,100,000 unasoma ili upate ripoti ya faili lenye mistari 46,000. Tukirudi kwenye hiace ya chalii hapo juu, wewe una abiria 1,850 na kila mmoja umemkodia hiace yake peke yake, inatoka Moshi mpaka Arusha, inarudi tupu, ndio inapakia wa pili. Gari haina kosa jamani.

Panga kwanza faili la mzani kwa namba ya mwanachama, kama lile la wanachama lilivyopangwa. Kisha fungua yote mawili kwa pamoja, kidole kimoja huku kimoja kule. Mwanachama ni namba 5, mstari wa mzani nao ni wa namba 5, jumlisha, teremsha kidole cha mzani. Mstari unaofuata ni wa namba 6, basi wa 5 ameisha, andika jumla yake, teremsha kidole cha wanachama. Kila faili linapitiwa mara moja tu: 46,000 jumlisha 1,850 ni mistari 47,850. Kupanga mistari yote hiyo kwenye memori ni kitu cha nusu sekunde, usiogope.

Hiyo ndiyo kazi ya faili la mfuatano, ripoti inayomgusa kila mtu. Mishahara, bili za maji, riba ya mwezi, malipo ya pili ya kahawa. Kama unawahitaji wote, kuwasoma kwa foleni hakuna kinachokushinda, hata hiyo SQLite ikipewa kazi hiyo nayo itapita meza (jedwali la rekodi) nzima toka mwanzo.

mzee_wa_tepu
Marahaba kijana. Nimecheka kwanza halafu nimesikitika, maana hiki alichokueleza mama indeksi sisi miaka ya themanini ndio kilikuwa kazi yetu ya kila mwisho wa mwezi, tepu moja (utepe wa sumaku wa kuhifadhia data) ina faili kuu, nyingine ina miamala, ya tatu tupu inaandikwa faili kuu jipya, na ukikosea kupanga miamala unaanza upya saa nane usiku.

Ticha wako, simlaumu, muda wa darasa mfupi, ila kuna vitu viwili vimeunganishwa hapo ambavyo havifanani. Kuna faili LIMEPANGWAJE na kuna wewe UNALISOMAJE. Sisi tulioandika COBOL, lugha ya programu ya enzi hizo, hatukuweza kuvichanganya maana unaviandika mistari miwili tofauti:

ORGANIZATION IS INDEXED
ACCESS MODE IS SEQUENTIAL

Wa kwanza unasema mpangilio, uko wa SEQUENTIAL (mfuatano), RELATIVE (kwa nafasi ya rekodi) na INDEXED (wenye indeksi). Wa pili unasema namna ya kufikia, SEQUENTIAL, RANDOM (moja kwa moja kwenye rekodi) au DYNAMIC (zote mbili). Faili la indeksi unaweza kulisoma kwa mfuatano bila shida, asubuhi unamtafuta mtu mmoja mmoja kwa namba na usiku unawapitia wote kwa foleni, faili ni lile lile. Lakini lililopangwa SEQUENTIAL huwezi kuliomba RANDOM, kompaila yenyewe inakukatalia. Kwa hiyo alichosema ticha ni kweli kwa upande mmoja tu.

Na sababu ya yote haya ni chombo chenyewe. Tepu haina kuruka, unataka rekodi ya mwisho unaizungusha yote. Diski ya kwanza kuuzwa, ile ya RAMAC ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ilibeba herufi milioni 5, yaani mafaili yako yote mawili yangeingia na nafasi ingebaki, ila kabati lake lilizidi tani moja sijui mngeliweka wapi hapo ofisini. Diski ndiyo iliyoleta uwezo wa kwenda moja kwa moja kwenye rekodi, na miaka ya sitini IBM wakaja na ISAM, faili limepangwa kwa mfuatano na juu yake kuna indeksi, unapata vyote viwili.

Sasa umeme. Kijana hilo la kupoteza watu 1,100 limeniuma kuliko dakika 25. Kosa lako uliandika juu ya faili lile lile. Tepu haikuruhusu ujinga huo, huwezi kubadilisha rekodi ya katikati bila kuharibu ya jirani, kwa hiyo ulilazimika kuandika mpya kando. Faili la zamani tuliita baba, jipya mwana, na la mwezi wa nyuma zaidi babu, na yote matatu yanafungiwa kabatini pamoja na miamala yake. Umeme ukikatika unatupa mwana ambaye hajakamilika, unamchukua baba na miamala unaanza tena, hakuna aliyepotea. Wewe fanya vile vile, andika wanachama_mpya, ukimaliza na ukahakikisha idadi ni 1,850 ndipo unabadilisha jina kwa os.replace ya Python, jipya likae mahali pa la zamani. Na baba usimfute.

Halafu weka na faili la tatu la makosa, mstari wowote wa mzani ambao hauna mwanachama uandikwe humo, usiuruke kimyakimya.

chalii_kijenge
Mzee shikamoo, heshima yako. Ila hiyo ni ripoti. Mzani je? Mkulima kashusha gunia, nyuma yake kuna foleni, karani anataka aone huyu mtu kaleta kiasi gani tangu msimu uanze, hapo hakuna cha kupanga faili wala kidole huku na kule. Nasisitiza SQLite.

mama_indeksi
Hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia, ila nataka dogo ajue indeksi inafanya nini asije akadhani ni uchawi wa SQLite, maana huo mtihani bado unamsubiri.

Faili la wanachama limepangwa, kwa hiyo hata bila indeksi huna haja ya kusoma wote. Fungua katikati, namba 925, unayemtaka ni mkubwa au mdogo, tupa nusu, tena katikati, tupa nusu. Kwa watu 1,850 hutazidi kulinganisha mara 11. Ukisoma kwa foleni wastani ni 925. Ila sharti lake, kila rekodi iwe na urefu ule ule, vinginevyo kompyuta haijui rekodi ya 925 inaanzia wapi. Jina fupi jazia nafasi tupu mwishoni. Kwa teksti yako ya sasa ya mistari mirefu na mifupi utapata tabu.

Faida nyingine ambayo watu hawaioni: unamtafuta mtu ambaye hayupo. Kwenye faili lisilopangwa (lile lako la mzani ni lundo, kama mitumba ya Kiborloni siku bado hawajaichambua) huwezi kusema hayupo mpaka umefika chini. Kwenye lililopangwa ukishampita tu unasimama.

Sasa indeksi. Diski haisomi rekodi moja moja, inasoma bloku. Chukulia bloku ni baiti 4,096 na rekodi 60, kwenye bloku moja zinaingia 68. Faili lako la mzani likishapangwa lina bloku kama 677. Indeksi ya kawaida ya faili lililopangwa inaandika rekodi ya KWANZA tu ya kila bloku, mistari 677, ukisema kila mstari baiti 12 ni kama baiti 8,100, yaani bloku mbili tu, zinakaa kwenye memori hazitoki. Unatafuta humo ni bloku gani, unakwenda diski mara moja, umemaliza. Indeksi hiyo nyembamba inawezekana KWA SABABU faili limepangwa. Likiwa lundo itabidi indeksi iwe na kila rekodi, zote 46,000.

Na hapa ndio utaona kasoro ya kweli ya mfuatano. Mkulima kasahau kadi, anajua jina tu. Faili limepangwa kwa namba, kwa jina halikusaidii chochote, na huko Uru ukitafuta Mushi sijui utawapata wangapi. Faili linaweza kupangwa kwa kitu kimoja tu. Cha pili lazima ukitengenezee indeksi ya pembeni, na hiyo lazima iwe nene, kila mtu aandikwe.

karani_wa_uru
Aisee hili la bloku hakuna aliyewahi kunifafanulia hivi. Na mwanachama mpya akijiunga? Ticha alisema kuingiza rekodi ndio balaa lenyewe.

mzee_wa_tepu
Wewe una bahati, namba ya uanachama inapanda tu, mpya anakuwa wa 1,851, anakaa mwisho, hakuna anayesogezwa. Ungelipanga kwa jina ndio ungelia, akija mtu wa A unasukuma wote. Enzi za ISAM rekodi ambayo haina nafasi ilipelekwa eneo la ziada na pale alipotakiwa kukaa panaachwa kielekezi, mwanzoni sawa, baada ya miezi minyororo ni mirefu, kila ukitafuta mtu unatumwa huku unatumwa kule kama uko ofisi ya ardhi, mpaka mnasimamisha kazi Jumapili mnalipanga upya faili zima. Aliyekufa au kuhama alikuwa hafutwi, anawekewa alama tu, anaondoka siku ya kupanga upya.

mama_indeksi
Na ndio maana mti wa B ukashinda. Bayer na McCreight walikuwa Boeing, makala yao ilitoka 1972, wazo ni kwamba bloku ikijaa inagawanyika mbili na indeksi inajirekebisha hapo hapo, hakuna Jumapili ya kupanga upya. SQLite na databesi nyingine kama MySQL na PostgreSQL zote zinatembelea ukoo huo. Kwenye InnoDB, injini ya kuhifadhi ya MySQL, meza yenyewe ndio mti, rekodi zimekaa kwa mpangilio wa ufunguo mkuu (primary key) ndani ya kurasa za KB 16, kwa hiyo mfuatano haujafa, umehamia ndani ya mti. PostgreSQL yenyewe inaacha lundo na indeksi zinakaa pembeni. Kuna amri ya CLUSTER inapanga meza mara moja, ila rekodi mpya zikiingia haiendelei kuzipanga.

fundi_tengeru
Samahani nadandia uzi. Mimi PostgreSQL nimeweka indeksi vizuri kabisa kwenye kolamu ya mwezi, nikipiga EXPLAIN (amri ya kuonyesha itakavyotafuta) inaniandikia Seq Scan, yaani inasoma meza yote kwa foleni, indeksi inaipuuza. Nimeifuta nimeiunda tena mara tatu. Ina maana ni mbovu?

mama_indeksi
Ngoja nibashiri, meza yako ni ndogo au hiyo kweri (ombi lako kwa databesi) inaleta sehemu kubwa ya meza?

fundi_tengeru
Inaleta kama theluthi hivi, nina miezi mitatu tu.

mama_indeksi
Basi iko sahihi, iache. Kuruka ruka kuna gharama yake. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika, kusubiri tu rekodi ije chini ya kichwa ni wastani wa milisekunde 4, hapo kichwa chenyewe hakijahesabiwa kusogea. Ukiruka hivyo kwa theluthi ya rekodi utagusa karibu kila bloku ya meza, tena nyingine mara mbili mbili, si bora upite moja kwa moja. PostgreSQL ina namba zake za kukadiria, kusoma ukurasa kwa foleni inahesabu 1, kusoma kwa kuruka inahesabu 4, hizo ndizo zinakuja nayo. Ukiwa na SSD, diski isiyozunguka, watu wanaishusha hiyo 4. Indeksi ni ya kutafuta wachache kati ya wengi, ukitaka theluthi ya kijiji si unapita nyumba kwa nyumba.

chalii_kijenge
Yaani kumbe hata databesi yenyewe inapanda hiace ikiona inafaa 😂 haya nimenyoosha mikono

karani_wa_uru
Wakuu nimerudi. Nimeandika ile ya vidole viwili, ripoti imetoka SEKUNDE MBILI, nilidhani imekwama nikaiwasha tena. Ila kuna kitu cha ajabu, wanachama karibu elfu moja wana kilo sifuri na nina uhakika walileta kahawa maana baadhi niliwapimia mimi mwenyewe. Namba 1 iko sawa, namba 10 iko sawa, 100 sawa, na kuanzia 1000 kwenda juu wote wako sawa. Waliobaki wote sifuri. Na faili la makosa alilosema mzee limejaa maelfu ya mistari, inasema mwanachama hajulikani.

mzee_wa_tepu
Umepanga namba kama maneno. Faili la mzani linaenda 1, 10, 100, 1000, 1001, na la wanachama linaenda 1, 2, 3. Kidole cha wanachama kilifuata 1, kikaruka mpaka 10, kikaruka 100, kikaruka 1000, kikatembea vizuri mpaka 1850, halafu mzani ukaanza kuleta akina 2 na 35 wakati wenyewe walishapitwa zamani. Haya makosa niliyafanya kwa kadi za kutoboa, umenikumbusha mbali.

mama_indeksi
Ndio hivyo hivyo. Unapopanga geuza namba iwe int (namba kamili, si maneno), au zote ziandike tarakimu nne, 0001, 0002, hapo hata zikipangwa kama maneno zinatoka sawa. Mimi ningechagua ya pili, maana na urefu wa rekodi utakuwa sawa, kile cha kutupa nusu nusu kitakukubali baadaye.

karani_wa_uru
Imekubali!! Nimeweka 0001. Faili la makosa limebaki na mistari mitatu tu, nimeangalia kwenye daftari ni namba nilizokosea mimi kuandika, mmoja nimeandika 1915 na hatuna mwanachama huyo. Zingekuwa kilo za mtu hizo zimepotea.

Ripoti naiacha kwenye mafaili na ya kutafuta mtu mzanini nahamishia SQLite wiki ijayo, na indeksi ya jina nitaweka. Baba na babu nimewahifadhi kwenye flashi mbili, moja iko kwa katibu. Asanteni sana, mzee shikamoo tena.

mzee_wa_tepu
Marahaba. Hiyo ya katibu jaribu kuifungua leo uone kama inasomeka.

karani_wa_uru
Mzee... haisomeki. Naenda kununua nyingine mjini.